Uti wa mgongo kwa watoto wadogo: maswali ya wazazi na walimu wa Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wazazi wanaokuja kuwachukua watoto langoni, kwa walimu wenzangu wa chekechea na gredi za chini, na kwa watoto wenyewe, ambao huuliza magumu kuliko sisi sote. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya wanyama wanaotatiza. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Uti wa mgongo ni nini, na nimweleze vipi mtoto wa miaka minne?

Usianze na maelezo, anza na mkono wake. Mwambie ainamishe kichwa, aweke kidole nyuma ya shingo kisha ashuke nacho polepole katikati ya mgongo. Atahisi vinundu vigumu vinavyofuatana. Kila kinundu ni pingili moja ya mfupa, na pingili zote zimetungwa kama shanga za tasbihi, ndiyo maana mgongo hupinda na kunyooka bila kuvunjika. Mwambie: "Huu ndio uti wa mgongo. Wewe unao, na mimi ninao. Haya, tutafute nani mwingine anao."

Mtu huzaliwa na pingili 33. Anapokua, zile za chini huungana, hivyo mtu mzima hubaki na mifupa 26 kwenye uti wake. Uti huo humwezesha kusimama, na hukinga njia kuu ya neva inayoteremka kutoka ubongoni. Mtoto wa miaka minne anahitaji ile kazi ya kwanza tu. Ya neva ataielewa akifika miaka saba au minane.

Wanyama wamegawanyika katika makundi mangapi?

Kwanza ni mawili: wenye uti wa mgongo na wasio nao. Wenye uti hugawanywa shuleni katika makundi matano, nayo ni samaki, amfibia kama vyura, reptilia kama nyoka, mijusi, kobe na mamba, halafu ndege, na mamalia. Binadamu yumo katika mamalia, na ni vizuri mtoto aambiwe hivyo mapema bila kuzungushwa.

Wasio na uti hawana makundi matano nadhifu. Wamo wadudu, buibui na nge, kaa na kamba, jongoo na tandu, konokono na pweza, nyungunyungu, konyeza, matumbawe, sifongo za baharini na wengine wengi. Usimlazimishe mtoto mdogo kukariri orodha hiyo.

Wepi ni wengi zaidi?

Wasio na uti wa mgongo, tena kwa mbali sana. Katika kila aina 100 za wanyama waliokwisha kuelezwa na wanasayansi, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Wadudu peke yao wanakaribia aina milioni moja.

Hapa ndipo ninapogombana na chati zinazobandikwa kwenye kuta za madarasa yetu. Utaona simba, ndovu, twiga, pundamilia, punda na kuku, kisha kwenye pembe ya chini kipepeo mmoja na nyuki. Mtoto wa Likoni au Kisauni hajawahi kumwona simba, lakini amemfukuza kaa mchangani, amepigana na mbu usiku kucha, na amekula pweza wa kukaangwa barabarani. Chati inamfundisha kwamba wanyama ni wale wa mbali, na kwamba anaowajua yeye si wanyama hasa. Waulize watoto wa darasa lolote, "Je, siafu ni mnyama?" Wengi watakataa na kusema ni mdudu. Mdudu ni mnyama. Likieleweka hilo tu, kazi kubwa imefanyika.

Nianze kumfundisha akiwa na umri gani?

Miaka mitatu na minne ni ya kugusa na kutaja majina. Mitano na sita, anaweza kupanga picha au vitu halisi katika mafungu mawili na kukuambia amefanya hivyo kwa nini. Akifika saba hadi tisa, yuko tayari kwa yale makundi matano na kwa wanyama wenye utata walio katika sehemu ya nne hapa chini.

Katika mtaala wetu wa Kenya, chekechea na gredi za chini hukutana na wanyama kupitia Shughuli za Mazingira, na somo la Sayansi na Teknolojia huanza gredi ya 4. Mtoto aliyeshika mifupa ya samaki mapema hatakuwa na haja ya kukariri akifika huko.

Nani aliyeanzisha mgawanyo huu?

Aristotle wa Ugiriki ya kale aliwagawa wanyama kwa kutazama damu: wenye damu nyekundu na wasio nayo. Mgawanyo wa uti wa mgongo tunaoutumia ulienezwa na Jean-Baptiste Lamarck wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu kuhusu wanyama wasio na uti mwaka 1801. Kwa watoto wadogo, habari hii inaweza kusubiri.

## Nyumbani na jikoni

Sina vifaa vyovyote vya sayansi. Nianzie wapi?

Kwenye sahani ya chakula cha mchana. Sijaona kifaa cha maabara kinachoshinda samaki changu mmoja mzima, kamba wachache wasiomenywa, na kipande cha mkono wa pweza. Vyote vinapatikana sokoni, au kwa wavuvi wanaporudi asubuhi.

Mpike samaki mzima, kichwa na mkia vikiwapo. Mbele ya watoto, ondoa nyama ya upande mmoja kwa uangalifu ili uti ubaki wazi. Waache wautazame kabla hujasema neno. Watauona umetoka kichwani hadi mkiani, na miiba imetoka pande zote mbili. Halafu inua mkia polepole, uti wote utanyanyuka. Hapo ndipo darasa hulipuka kwa sauti, na hapo ndipo uwaambie wapapase migongo yao tena. Wahesabu pingili kwa pamoja. Mkosee, mrudie, haidhuru.

Kisha wape kamba. Wamguse kwa nje, ni mgumu. Wamenye gamba, ndani ni nyama tupu. Swali la kuwauliza ni moja: "Ugumu uko wapi, ndani au nje?" Samaki ana ugumu ndani, kamba ana ugumu nje. Mwisho wape kipande cha pweza, wabonyeze kotekote. Hana ugumu ndani wala nje. Kwa vyakula vitatu wameshajua kwamba mwili wa mnyama unaweza kujengwa kwa njia zaidi ya moja, nao wamelijua kwa vidole vyao.

Tahadhari tatu. Ulizia kwanza kama kuna mtoto anayedhurika na kamba au samaki, maana wengine huvimba midomo au kubanwa na pumzi, na huyo asiguse wala asile. Chagua samaki mwenye miiba mikubwa inayoonekana. Dagaa na samaki wengine wadogo kama simu waache kwa siku nyingine. Na siku ya kwanza usilete ngisi, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la pweza, ngisi na dome.

Sisi hatuli samaki sana. Kuna njia nyingine?

Shingo ya kuku kwenye mchuzi. Pingili zake ni kubwa, zinaachana kwa urahisi, na katikati ya kila moja kuna tundu ambalo njia ya neva hupita. Kwa watoto wa miaka saba na kuendelea, tundu hilo linafaa kuliko mchoro wowote. Osha pingili hizo, zichemshe vizuri, zianike juani, kisha watoto wazitunge upya kwenye uzi kwa mpangilio wao.

Mwanangu anaogopa wadudu, au anasikia kinyaa. Nimlazimishe?

Hapana. Mtoto huiga uso wa mkubwa kabla ya kusikia maneno yake. Ukipiga ukelele kila umwonapo mende, somo umeshalitoa. Anza na mnyama asiyemkaribia: sisimizi wanaobeba punje ya sukari kwenye sakafu, au konokono anayetambaa nje ya kioo baada ya mvua. Mkae mbali, mtazame kwa dakika chache, muondoke. Kesho mtasogea kidogo.

Uoga mwingine ni wa haki, na usiuvunje. Mtoto anayejitenga na nge au tandu anafanya sawasawa.

Je, tumkamate mnyama na kumweka chupani? Tumpasue?

Kumpasua mnyama aliye hai mbele ya watoto wadogo hakufai hata kidogo, na wala hakuna haja, kwa kuwa jikoni mna kila kitu. Kumweka mdudu au konokono kwenye chupa yenye matundu kwa muda mfupi ni sawa, mradi awekwe kivulini na arudishwe palepale alipotolewa, na mtoto mwenyewe ndiye amrudishe. Konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba vimelea, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni mara moja.

Kuna mchezo au kitendawili kinachosaidia?

Kiko kimoja ambacho tayari wanakijua: "Popote niendapo, nyumba yangu mgongoni." Mtoto mmoja atajibu konokono, mwingine atajibu kobe, na wataanza kubishana. Waache wabishane, maana majibu yote mawili yanakubalika katika kitendawili, lakini wanyama hao wako katika makundi mawili tofauti. Nyumba ya konokono ni gamba lililotengenezwa na mwili wake laini, na ndani yake hamna mfupa hata mmoja. Nyumba ya kobe ni sehemu ya mifupa yake mwenyewe, kama inavyoelezwa katika swali la kobe na kasa.

Baada ya hapo watungeni vyenu. Mtoto anayeweza kutunga kitendawili cha kaa ("Mifupa yangu nimeivaa nje") ameelewa somo.

## Ufukweni na mjini

Ni wakati gani mzuri wa kuwapeleka watoto pwani kutafuta wanyama hawa?

Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana na vidimbwi vya mwambani hubaki wazi. Kwa Mombasa, kupwa huko kwa bamvua huangukia mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati unaofaa kabisa kwa watoto. Siku za maji mafu, maji yanapopwa kidogo tu, hamtaona mengi. Waulize wavuvi, au tazama ratiba ya maji kabla ya kupanga safari, na mtoke mapema kabla maji hayajaanza kujaa.

Nyali na Bamburi kuna mchanga mpana na vidimbwi. Sehemu ya bahari hapo ni hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na shirika la wanyamapori la KWS. Humo hairuhusiwi kuokota makombe, matumbawe wala viumbe hai. Kanuni yangu kwa watoto ni hiyohiyo hata nje ya hifadhi: tunatazama, tunachora, tunaacha.

Usidharau mikoko ya Tudor na Mtwapa. Kwenye tope lake, maji yakipwa, utamwona kaa dume mwenye gando moja kubwa akilipunga, na karibu naye samaki mdogo anayetambaa na kuruka juu ya tope. Mmoja hana uti, mwingine anao, na wote wawili wanatoka kwenye mashimo ya tope lilelile. Sijui mahali pengine pa kumwonyesha mtoto tofauti hiyo kwa mtazamo mmoja.

Ni wanyama gani wa kujihadhari nao?

Konyeza, hata aliyekufa mchangani, kwa sababu mikia yake bado huwasha. Konokono wa baharini mwenye gamba zuri la umbo la pia, ambaye hudunga sumu kali. Watoto humpenda kwa urembo wake, basi kataza kabisa kumshika. Yule mnyama wa mwambani mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye miiba yake hukatikia mguuni. Hao wote hawana uti wa mgongo. Mwenye uti wa kuogopwa ni samaki anayefanana na jiwe, aliyejilaza chini akiwa na miiba ya sumu mgongoni. Viatu vya raba ni lazima, na mkono usiingizwe kwenye shimo lisiloonekana ndani.

Mtoto akiwashwa na konyeza, mwagia maji ya bahari, si maji baridi ya mfereji, na usisugue. Akizidiwa, akibanwa na pumzi, au akiwa amechomwa na konokono au samaki huyo, mkimbize hospitali bila kungoja.

Matumbawe ni mawe, mimea au wanyama?

Ni wanyama, na hawana uti wa mgongo. Kila tumbawe ni kundi kubwa la viumbe wadogo laini, na kila mmoja hujijengea kikombe kigumu cha chokaa. Wanapokufa, vikombe hubaki, wengine hujenga juu yake, na kwa maelfu ya miaka mwamba hukua.

Mpeleke mtoto Mji wa Kale, mwambie aguse ukuta wa zamani pale plasta ilipobanduka. Ataona mistari na vitundu vya matumbawe. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na imejengwa kwa mawe yake. Kisiwa chenyewe tunachokaa kimekaa juu ya mwamba huo wa kale. Watoto wakisikia kwamba wanyama wasio na mfupa hata mmoja ndio waliotoa mawe ya ngome ile, hunyamaza kwanza, halafu maswali huja mfululizo. Ningeweza kufundisha somo hili zima kwa ukuta mmoja wa Mji wa Kale.

Haller Park kuna nini cha kuona kuhusu somo hili?

Wengi huenda bustani hiyo ya wanyama ya Bamburi kwa ajili ya twiga, viboko na kobe wakubwa. Watoto wengi wanasimuliwa habari za Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, aliyeletwa hapo na kumganda kobe mzee aitwaye Mzee. Wote wawili wana uti wa mgongo, mmoja mamalia na mwingine reptilia, kwa hiyo hadithi yao inafaa kwa watoto wanaojifunza makundi matano.

Lakini mwombe mtoto ainame atazame chini pia. Bustani ile ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi tupu ya mwamba. Kuanzia mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipanda miti, na mvinje ukastahimili. Tatizo likawa majani yake makavu, ambayo hayakuoza, hivyo udongo haukupatikana. Aliyeleta ufumbuzi ni jongoo. Jongoo walipoingizwa walikula majani hayo, na kinyesi chao kikasaidia kutengeneza udongo ambao miti mingine ilikuja kuota. Twiga wale wanakula leo kwa sababu jongoo walikula kwanza.

## Wanyama wanaotatiza

Nyoka ana mifupa? Mbona anajikunja hivyo?

Anayo, tena mingi kuliko wewe. Nyoka ana mamia ya pingili, na karibu kila moja imebeba jozi ya mbavu. Anajikunja kwa sababu pingili ni nyingi na kila moja hupinda kidogo. Watoto wengi humweka pamoja na nyungunyungu kwa kuwa wote ni warefu na hawana miguu. Mkunga naye husahauliwa vivyo hivyo. Ni samaki, ana uti kama changu.

Watungie watoto vifuniko vya chupa vitatu kwenye uzi, kisha thelathini kwenye uzi mwingine. Waulize upi unajikunja vizuri.

Kobe na kasa wana uti wa mgongo au gamba tu?

Wana vyote viwili, na vimeungana. Uti na mbavu za kobe zimeshikana na gamba la juu, hivyo kobe hawezi kutoka kwenye gamba lake kamwe. Vibonzo vinavyoonyesha kobe akivua gamba kama shati vinapotosha, na watoto huviamini.

Papa na taa hawana mifupa. Basi wanaingia wapi?

Ni samaki wenye uti wa mgongo. Uti wao ni wa gegedu, kitu kilekile kigumu kinachopindika kwenye sikio la mtoto. Mwambie akunje sikio lake. Ukipata kipande cha papa mkavu sokoni, tafuta pingili katikati. Ni viduara vinavyoonekana wazi.

Pweza, ngisi na dome?

Wote hawana uti. Pweza hana mfupa wowote, na kigumu pekee mwilini mwake ni mdomo wake unaofanana na wa kasuku, ndiyo maana hupenya kwenye tundu dogo mno. Ana mioyo mitatu, damu ya samawati, na sehemu kubwa ya neva zake ziko mikononi.

Ngisi ana kitu chembamba kinachopitisha mwanga, mithili ya plastiki, ndani ya mwili. Mtoto akikichomoa atasema "mfupa!" Dome naye ana kipande cheupe chepesi ambacho bahari hutupa ufukweni, na watoto hukiokota Nyali mara nyingi. Vyote viwili ni mabaki ya gamba la ndani, havina pingili. Ndiyo sababu nasema wasubiri hadi watoto wamzoee samaki na kamba.

Kaa ana mifupa?

Hana. Ana gamba la nje, ambalo halikui. Akinenepa hulivua zima, hujificha akiwa laini, kisha jipya hukauka. Lile "kaa mfu" jepesi lisilo na nyama ambalo mtoto ameliokota huenda ni gamba lililovuliwa tu, na mwenyewe yu hai mahali fulani.

Wasio na uti ni wadogo siku zote?

Wengi ni wadogo, lakini mwaka 2007 wavuvi wa New Zealand walimvua ngisi wa kilo zipatazo 495 katika bahari ya kusini. Nchi kavu, kaa wa minazi, anayepatikana kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hufikia kilo nne hivi. Majini mwili hubebwa na maji. Nchi kavu gamba la nje huwa zito mno kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa, na siku ya kulivua anakuwa laini bila cha kumshikilia.

Nyangumi, pomboo, nguva na popo?

Wote ni mamalia, wana uti. Nyangumi hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba. Twiga, kwa nyongeza, ana pingili saba za shingo, sawa na mtoto wako. Zake ni ndefu tu.

Na farasi wa baharini, kiti cha pweza na jongoo wa baharini?

Farasi wa baharini ni samaki, ana uti. Wawili wale wengine hawana. Usiyaamini majina, tazama mwili.

Kuna mnyama aliye katikati?

Wapo viumbe laini wa baharini wanaoganda mwambani na kwenye nguzo za gati, ambao hurusha maji wakibonyezwa. Wakiwa wachanga huogelea wakiwa na ufito mwororo mkiani, unaofanana na ule ambao uti wetu huanza nao tumboni mwa mama. Wakikua wanaganda na ufito hupotea. Huwekwa na wasio na uti, ingawa ni jamaa zetu wa karibu kuliko kaa au pweza. Kwa mtoto wa miaka tisa anayependa kubisha, hili ni zawadi.

## Darasani

Nitajuaje kama ameelewa, au amekariri tu?

Usimuulize ataje wanyama watano. Mpe mmoja ambaye hamjawahi kumtaja, kwa mfano kinyonga au kupe, muulize atawekwa wapi na kwa nini. Akisema "sijui, ningemgusa mgongo," mpe alama zote. Akijibu sawa bila sababu, bado.

Mtoto amesema asiye na uti wa mgongo ni mnyonge. Nimjibu nini?

Muulize ni nani aliyetengeneza mawe ya Fort Jesus na udongo wa Haller Park, kisha mrudi pamoja kwenye maswali hayo mawili. Muulize pia asali hutoka wapi. Usimhubirie, mwache ajibu.

Darasani kuna mtoto mwenye kibiongo, au aliyezaliwa na mgongo wazi. Nifanyeje na zoezi la kupapasa migongo?

Zungumza na mzazi kabla ya siku ya somo, na ukiweza, na mtoto mwenyewe kwa faragha. Wengine hupenda kueleza habari za mgongo wao na hujua mengi kuliko darasa zima. Wengine hawataki kutazamwa, nao wasikilizwe. Katika hali zote, kila mtoto apapase mgongo wake mwenyewe, si wa mwenzake. Na ukiona afadhali kuliacha zoezi, anza moja kwa moja na samaki. Somo halipungui kitu.